Nazi Iliyoganda Kwenye Kopo la Zuhura

Rau, Moshi
Jumapili asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni, Salimu amesinzia mgongoni, nami nimevaa sweta juu ya sweta. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeiweka kabatini kama ile ya mwanzo? Na paa la jikoni kaka kashaliziba? Sisi huku wazima. Baba Zuhura yupo na useremala wake, mimi bado nafua na kupiga pasi mashuka pale nyumba ya wageni. Mikono imepasuka kwa baridi, lakini tunakula na tunalala.

Ningekupigia simu, ila hili nikilisema kwa mdomo nitalia kabla sijafika katikati, na wewe utaanza kumtukana mtu usiyemjua. Kwa hiyo naandika. Barua nitaitia ndani ya mfuko wako wa nazi nimpe kondakta wa basi.

Mama, nazi zako zimesingiziwa kuwa nyama.

Ngoja nianze mwanzo. Zuhura anasoma chekechea hapa hapa Rau, shule ndogo tu. Saa sita watoto wote wanakaa barazani kwenye mkeka mmoja, kila mmoja anafungua alichofungiwa kwao, na wanamegeana. Kwa kuwa wanamegeana, na wapo watoto wa Kihindu ambao kwao nyama haiingii, shule imeweka sheria: chakula kisiwe na nyama, samaki wala yai. Na kiwe cha baridi, maana hakuna jiko la kupashia. Sheria hiyo siigombi. Naipenda hata. Mwanangu anakula chapati nyembamba za rafiki yake Kavya, Kavya anakula mihogo yangu, na hakuna anayeogopa.

Ila chakula cha baridi kina kazi kuliko cha moto. Ukikifunika kingali na mvuke kinatoa jasho, saa sita kimechacha. Basi naamka alfajiri, napika, namwaga kwenye sinia, naliweka dirishani kipoe huku namvalisha huyu na kumnyonyesha yule, ndipo napanga kwenye kopo. Na kikishapoa hakina harufu ya kumwita mtoto, lazima ladha yenyewe imshike. Ndiyo maana natia nazi. Viazi vitamu, mchicha, na siku hizi ndizi za huku za kupika, nazichanganya na maharage kwa tui zito, vile vile ulivyonifundisha mihogo.

Sasa wewe huko Pangani hujawahi kuona tui limeganda. Mimi pia sikuwahi. Mwezi huu wa saba hapa mlima umejifunika, hatuuoni wiki nzima, na chakula cha nazi kikikaa dirishani kinafanya utando mweupe juu, mgumu, unauchokonoa na kijiko. Mara ya kwanza nilishangaa. Nikaonja, nikaona ni nazi ile ile, nikafunika kopo.

Jumatatu iliyopita kopo likarudi limejaa. Nikamuuliza, akasema hakuwa na njaa. Jumanne vile vile. Nikasema labda ni mafua, nikampaka mafuta kifuani. Jumatano namvua sketi nifue, naona makalioni imelowa na ina tope la bombani. Nikamuuliza umekaa wapi. Akawa anaangalia miguu yake.

"Mimi si nakaa kwenye ngazi ya bomba," akasema. "Mwalimu kasema nisikae kwenye mkeka mpaka mama aache kuweka nyama."

Siku tatu, mama. Mtoto wa miaka mitano, baridi hii, peke yake bombani, anaangalia wenzake wanamegeana. Na hakula, kwa sababu ameambiwa ni nyama akaamini, akadhani akila atafukuzwa kabisa. Halafu akirudi ananificha mimi, asije akaniudhi.

Nilikaa chini pale pale na sketi mkononi. Baba yake alivyorudi nikamweleza. Akafikiri weee, halafu akasema nimfungie mkate na karanga, yaishe, kwa sababu hawa ndio watu tunaoishi nao. Nikamwambia mkate nitampa siku nikipenda mwenyewe, siyo siku nimeitwa mwongo. Si mtu mbaya, unamjua, ila anapenda mambo yaishe kabla hayajaanza.

Alhamisi nikaomba ruhusa kazini, nikapika ndizi zile zile na maharage yale yale, tui zito kuliko jana, nikapoza dirishani mpaka likawa jeupe pee. Saa sita nikaenda shule, Salimu mgongoni.

Mwalimu wao anaitwa Mwalimu Ndeshi, mtu mzima kwangu, nikamwamkia kwa heshima. Nikamfungulia kopo nikamwambia hii ni nazi, inatoka kwetu, mama yangu ananitumia. Akacheka kidogo, cheko la kumhurumia mtu.

"Mama Zuhura, mimi kwetu Kibosho. Nimekulia kwenye sufuria la mtori. Mafuta ya ng'ombe yakiganda nayajua hata nikifumba macho."

"Basi yafumbe, uonje."

"Nyie watu wa Tanga, kwa maneno hamjambo."

Hakuonja. Na hapo ndipo nilipoelewa, mama. Najua mtori, ile supu yao ya ndizi na nyama, nimekula mwingi, na kweli mchuzi wa nyama ukipoa unafanya utando mweupe kama ule. Kukosea kuona si dhambi. Lakini siku zote tatu hakuna aliyechovya kidole. Hakuna aliyeniuliza, na nyumba yangu iko hatua chache kutoka pale. Ilikuwa rahisi kumtoa mtoto kwenye mkeka kuliko kumuuliza mama yake swali moja. Nikamwambia hivyo. Akasema yeye anawalinda watoto wa wenzetu Wahindu, wazazi wao wakisikia itakuwaje.

Tukiwa hapo akaingia bibi yake Kavya, amemletea mjukuu sweta aliloacha nyumbani. Mama wa makamo, sari na juu yake koti la mwanaume, Kiswahili chake ni cha hapa hapa Moshi, alikozaliwa. Nikamwamkia. Mwalimu akaanza kumweleza, tena kwa sauti ya chini kama anayesema habari ya ugonjwa. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akanigeukia mimi.

"Umepika mwenyewe?"

"Mwenyewe, Bibi."

"Umetia nyama?"

"Hapana."

Akachovya kidole, akatia mdomoni. Mama, yule ndiye mtu ambaye kama ningekuwa nimedanganya angechafuka yeye, si mwalimu. Na hakusita. Akalamba, akasema, "Nazi. Nzuri. Mimi nikiweka yangu jokofuni inafanya hivi hivi." Kisha akamwangalia mwalimu. "Mimi nimemuuliza mama yake. Wewe ulimuuliza?"

Mwalimu akawa anazungusha funguo kidoleni. Akaniambia, basi, Mama Zuhura, yamekwisha, tuyaache. Nikasema kwangu mimi yanaweza kwisha, ila aliyekaa bombani si mimi. Amwambie yeye, na amwambie mbele ya wale waliomwona akitolewa. Akasema hawana kawaida ya kuwaomba watoto radhi, watapanda vichwa. Nilisimama tu. Salimu akaanza kulia, sikumtoa mgongoni, sikusogea. Bibi yake Kavya naye hakusogea. Watoto walikuwa wameacha kutafuna.

Mwisho akatoka barazani, akamwita Zuhura kutoka bombani. "Zuhura, chakula chako hakikuwa na nyama. Mimi mwalimu nilikosea."

Mjukuu wako yule akamtazama, akauliza, "Kwa hiyo sasa nikae wapi?"

"Mahali pako," mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Kavya akajisogeza, Zuhura akakaa, akala. Mimi nikarudi kazini kwenye mashuka, na machozi ndiyo yakanijia huko, mbele ya pasi.

Watu wananiambia nishukuru, mwalimu mwingine asingekubali. Sishukuru. Ijumaa asubuhi nilipokuwa nafunga kopo, Zuhura alikuja akaning'inia mkononi mwangu, akaomba aone kwanza. Akachungulia. Akauliza, "Leo ina nyeupe?" Nikamwambia inayo. Akafikiri, akasema nimkwangulie kidogo juu, siyo yote, kidogo tu. Mtoto aliyekuwa akilamba mwiko wa tui! Hilo nalo nani atasema alikosea?

Sikukwangua. Nilichota kwa kijiko nikala mbele yake, naye nikampa kijiko. Alikula. Leo Jumapili ameomba mwenyewe, lakini bado anachungulia.

Nisalimie kaka Hamisi, mwambie paa lisingoje mvua. Mama mdogo, mwambie mkeka aliotushonea ndio wanaolalia watoto. Na shangazi wa ng'ambo ya mto, mwambie mimi mwanawe wa kulea sijasahau ukali wake, umenifaa juzi.

Mfuko nakurudishia mtupu. Ujaze, mama, usinipunguzie ukidhani nimechoka nazo. Moja usiifue, iache na makumbi yake. Hiyo ni ya shule, watoto wengi pale hawajaiona ikiwa nzima. Nitampa Mwalimu Ndeshi aifue mwenyewe mbele yao, na safari hii ataonja.

Mwanao, ambaye bado ana hasira ila yu mzima,

Mwanahawa, Mama Zuhura