Mtihani Ndani ya Goti Langu

Mwanangu,

Mimi mzima. Paa la jikoni bado linavuja, na kupanda siwezi, goti limefungwa bandeji nene kama mto.

Wewe ndiye uliyenishauri nipasuliwe kwenye hospitali ya kufundishia. Hukuniambia nitakuwa karatasi ya mtihani. Walinidunga ganzi ya kiunoni, nikiwa macho kabisa, daktari mwanafunzi, binti mdogo, akaingiza kamera gotini, na mwalimu wake kasimama nyuma anampa alama kwa sauti.

"Mkono unatetemeka. Mbili kati ya tano. Tazama skrini, daktari, usitazame mkono."

Nikasema, "Mwalimu, mwenye goti anasikia."

Nesi akacheka. Mwalimu hakucheka. Mwisho akamsogeza yule binti pembeni akamalizia mwenyewe, kisha akaniuliza kama goti la pili, ambalo nalo linangoja kupasuliwa, nataka alifanye yeye. Binti alikuwa anavua glavu, haniangalii.

Nilitaka kusema ndiyo. Mimi ni mbeba saruji, bila magoti sina kazi. Lakini mama yako alifia kwenye benchi akisubiri mtu anayejua kupasua, na siku ile hakuwepo hata huyo wa mbili kati ya tano.

Nikasema goti la pili ni la binti. Mwalimu akae karibu, afunge mdomo.

Ni mwezi ujao. Usinipigie simu kunibembeleza nibadilishe. Kama una huruma njoo mwenyewe, maana nesi hatanifuata nyumbani kunipeleka chooni.

Ni baba yako, nimechoka kulala.