Mbwa Aliyerudi kutoka Mbale

Mjukuu wangu Wafula,

Hapa Nalufenya tu wazima. Mamako mdogo amejifungua salama. Unaniuliza kama chembe nyeupe za damu yako, ambazo madaktari wa huko wamezichukua kuzifunza kupigana na saratani, zitakukumbuka zikirudishwa mwilini.

Nilipokuwa msichana, mbwa wetu hakumbwekea mwizi wa kuku. Mwizi alikuwa jirani aliyemzoesha ugali. Baba akampeleka mbwa Mbale kwa afande mmoja amfunze. Nilimnunia Baba, nikidhani mbwa atanisahau.

Alirudi baada ya mwezi. Jirani alipomtupia ugali, mbwa alimngurumia mpaka akakimbia. Kisha akaja kulala juu ya miguu yangu, kama zamani.

Chembe hizo ni zako, baba. Kwao zinapajua.

Nyanya yako