Binti Yangu Kaniita Mwalimu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana mume wangu keshacheka, na kicheko chake ndicho kilichonifanya nikuandikie.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni kwangu, na binti yangu, ambaye ndiye mtoto wangu wa pekee, ameanza darasa la kwanza mwaka huu. Nyumbani tunamwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kuongea hanyamazi, akiamka ni yeye, nikitunga uzi kwenye sindano ni yeye ananieleza uzi unavyoingia, na mimi nilikuwa nalalamika lakini moyoni najua hiyo ndiyo redio yangu ya kufanyia kazi. Sasa redio imezimwa. Anarudi shuleni namuuliza, "Mwanangu, leo mmesoma nini?" anajibu, "Hamna." Nasema, "Hamna kitu kabisa?" anasema, "Tumekaa tu." Halafu viatu vinarushwa, kimoja huku kimoja kule, na juzi alilia mpaka akakosa pumzi kwa sababu nimemkatia mkate vipande viwili na yeye alitaka mzima, nikauunganisha kwa siagi, ndiyo kwanza akalia zaidi.

Hayo ningeyavumilia, lakini kinywa kikifunguka kinachotoka ni "mwalimu kasema". Baba yake anachomelea mageti, anarudi na njaa yake, akisema neno na chakula mdomoni anaambiwa, "Baba, mwalimu kasema tafuna kwanza." Mama mkwe wangu alikuja kututembelea, yuko katikati ya habari za jirani yake, mtoto akamkatiza, "Bibi, nyoosha kidole kwanza, halafu usubiri kuchaguliwa," na bibi wa watu akanyoosha kweli! Wote walicheka, mimi sikucheka. Nikimfundisha kujumlisha kwa vifungo, kama mama yangu alivyonifundisha mimi, ananisukuma mkono, "Sivyo, mwalimu anatumia vijiti." Vijiti na vifungo vina tofauti gani, mshauri?

Kilichonimaliza kilitokea wiki iliyopita. Nilikuwa namfunga kamba za viatu, akasema, "Mwalimu, umenibana." Kisha akajiziba mdomo na kucheka. Mimi niliinuka nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Basi nikaenda kumwona huyo mwalimu, nijue ana nini ambacho mimi sina. Ni mdogo kwangu kwa umri, sauti ya chini, chaki mpaka kwenye nyusi, akaniambia binti yangu ni mpole, anasikiliza, anagawia wenzake penseli bila kuombwa. Nilimuuliza kama tunamzungumzia mtoto yule yule. Nilipomsimulia wifi yangu akasema, "Wenzako wanaibiwa waume, wewe unaibiwa mtoto mchana kweupe."

Nimeshatafuta nafasi katika shule ya ng'ambo ya barabara kuu na nimeipata, mwalimu mkuu wa huko anataka jibu Ijumaa, na sare yao nimeikata, nimeishona, nimeificha chini ya vitambaa vya wateja, mume wangu hajui. Nimhamishe? Na swali la pili nauliza kwa aibu: mtoto akishaanza shule, ndiyo tumeachana?

Fundi wa Sebuleni

* * *

Marahaba, mwanangu Fundi. Nimekusoma mpaka mwisho na nimecheka mara moja tu, kwa yule bibi aliyenyoosha kidole. Kwa vyombo safi sikucheka.

Acha nikugombeze kwanza, tumalize. Unahamisha mtoto kwa kosa la nani? Hukuandika kwamba anapigwa. Hukuandika kwamba asubuhi hataki kwenda. Kosa pekee la mwalimu huyo ni kwamba anapendwa. Huko ng'ambo ya barabara nako atamkuta mwalimu, na akimpenda huyo je, utakata sare ya tatu? Wifi yako mkaribishe chai, ila maneno yake aondoke nayo. Na mumeo umwambie habari ya sare leo hii, kabla hajaiona mwenyewe akitafuta kitambaa cha kufutia mikono.

Nilifundisha darasa la kwanza mpaka magoti yangu yalipovikataa vile viti vifupi, kwa hiyo haya sikuyasoma mahali.

Mtoto wa darasa la kwanza anafanya kazi ya kujizuia tangu asubuhi. Anazuia mkojo mpaka kengele ilie, anazuia ulimi mpaka achaguliwe, anazuia machozi akisukumwa kwenye foleni, na huku penseli inakwenda inakotaka yenyewe. Wewe unajua nguo iliyobanwa kwa pini inavyokaa vizuri mezani, na unajua pini zikitoka inakuwaje. Pini za binti yako zinatoka mlangoni kwako, kwa sababu hapo ana hakika kwamba hata akifumuka mzima, hatatupwa. Mpole wa shuleni na mrusha viatu ni mtoto mmoja. Mwalimu anapata juhudi yake, wewe unapata uchovu wake, na uchovu mtu hampelekei asiyemwamini. Siku ile hakuwa akililia mkate.

Ndiyo maana swali la "mmesoma nini" halijibiki. Nawe nikikusimamisha jioni, mgongo unauma, nikuulize umejifunza nini leo katika ushonaji, utaniambia, "Hamna." Mpe ale, acheze, anyamaze. Kisha uliza kitu kidogo: leo nani alikaa karibu nawe? Nani alichekesha darasa? Au usiulize kabisa, endelea na cherehani yako. Chiriku haimbi ukimkodolea macho.

Mengine ya mwaka huu nayo uyategemee, yasikushtue. Herufi zitaandikwa zimegeuka kisogo. Meno yatang'oka katikati ya sentensi. Penseli zitapotea kana kwamba kuna mtu anazila. Jumatatu atakuwa na rafiki wa kufa na kuzikana, Jumanne hawasemeshani, Jumatano watagawana kifutio. Na kusoma hakuji kwa wote siku moja: yupo atakayesoma vibao vya maduka kabla ya likizo ya kwanza, na yupo atakayeziatamia herufi zake kimya kama kuku, uanze kukata tamaa, halafu asubuhi moja akusomee pakiti nzima ya sabuni. Usimpime na mtoto wa jirani. Kila siku msomee kidogo, umekaa naye, basi.

Tuje kwa "mwalimu kasema". Mtoto kagundua kwamba nje ya nyumba yenu kuna sheria nyingine, na anakuletea kama msafiri aletavyo zawadi. Zawadi nyingine ni nzuri, nyingine zinakera, zote zimeletwa kwako. Usishindane nazo. Mwambie, "Mwalimu ahesabu kwa vijiti, mimi nihesabu kwa vifungo, tuone kama tutafika pamoja." Mtakapofika pamoja, mtazame uso.

Na lile jina lililokupeleka jikoni? Mimi nina masharubu, mwanangu, na sauti ya kuitia ng'ombe. Haikuwa rahisi wiki ipite bila mtoto kuniita mama. "Mama, nimemaliza!" "Mama, huyu kanichorea!" Darasa zima linaangua kicheko, nami nasimama pale na masharubu yangu. Unadhani niliwaibia wale wanawake watoto wao? Mtoto akimhitaji mtu anayemtegemea, ulimi hukamata jina lililo karibu. Tena niliwajua mama zao kabla sijawaona: yupi anaimba akifua, yupi anaogopa mende. Sikuweza kueleza jambo mpaka mwisho bila mkono kunyooshwa, "Mwalimu, mama kasema sivyo." Nyumbani anatawala mwalimu, darasani, Fundi, unatawala wewe. Kamuulize mwenye chaki kwenye nyusi ni mara ngapi amesahihishwa kwa jina lako.

Lakini sikufumbi macho. Binti akianza kuumwa tumbo kila asubuhi ya shule, akirudia kukojoa kitandani, akiogopa kutajiwa mtu fulani, au ukiona alama mwilini, hapo usiniandikie mimi. Nenda shuleni siku hiyo hiyo, na mumeo kando yako, na msiondoke bila jibu.

Kama hakuna hilo, Ijumaa mjibu yule mwalimu mkuu: asante, hatuji. Sare mgawie mtoto anayesoma huko. Jumatatu funga cherehani kwa muda, mpeleke binti yako mpaka mlangoni mwa darasa, msalimie mwalimu wake kwa mkono, mcheke naye kidogo, mtoto akiwa anawatazama. Akiwaona mmepatana, hatakuwa na haja ya kuchagua.

Na swali lako la aibu: hamjaachana. Mmeongezewa mtu. Nenda kamsalimie.