Mrithi Aliyekataa Kutia Saini

Kijiji kipya, Palma, Msumbiji
Jumapili, 13 Oktoba 2019

Kaka yangu Hamido,

Asalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, wifi Zubeida na watoto. Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Mama miguu inamsumbua, lakini anakula, anasali, na anagomba. Ukimsikia anagomba, jua hajambo. Usishangae kupata barua wakati simu ninayo. Nimeishika simu mara tatu, na mara tatu nimeiweka chini. Kuna maneno mdomo unayakataa. Nakuomba usome mpaka mwisho, ndipo unitukane.

Tulihamia kijiji kipya mwezi wa saba. Nyumba ni ya matofali, ina bati na vyumba vitatu. Sitakudanganya, ni nzuri. Ila wameijenga mbali na bahari. Mimi niliyekuwa natoka na ndoo maji yakipwa, nikarudi na chaza wa kula na wa kuuza, sasa nangojea gari la kampuni ya gesi iliyotuhamisha linishushe pwani, nalo linapita likijisikia. Shamba la kufidia lile la marehemu baba, kila tukiuliza tunaambiwa bado linapimwa. Umeme upo. Kontadori, ninyi mnaita mita, imebandikwa ukutani, inataka namba za kununua, na usiponunua taa ni pambo tu. Basi napikia mkaa, na mkaa nao umepanda bei tangu wageni wajae Palma. Loo, Hamido! Gesi iko mbele ya mlango wetu, inangojewa na Wajapani, na mimi macho mekundu kwa moshi.

Kwenye mikutano walikuja wakubwa kutoka Maputo. Walisema nchi ina madeni, ndiyo maana serikali imeacha kusaidia bei ya mkate na mafuta, kwa hiyo tuvumilie, gesi itayalipa yote. Nikasimama nikauliza kama deni hilo nililikopa mimi. Watu wakacheka, mkubwa naye akacheka, akanijibu kwamba matunda nitayaona wajukuu wangu wakishakua. Mimi, ambaye hata mtoto sina. Nikakaa chini.

Najua, wewe ulinionya. Ulisema ninyi wa Mtwara mliahidiwa hivyo hivyo, bomba likapita kwenda Dar es Salaam, mkabaki na mabomu ya machozi. Ukaapa kwamba hutatia saini karatasi ya mtu yeyote, na minazi ya baba haitang'olewa kwa wino wako. Maneno mazuri sana, kaka. Lakini uliyasema ukiwa Mtwara, umekaa kwako, hakuna aliyekupigia vigingi vyekundu shambani.

Karani aliyekuwa akiandikisha mashamba, kijana wa Pemba hii ya huku kwetu aitwaye Cosme, alinieleza kwamba shamba ni la marehemu, kwa hiyo warithi wote watie saini, la sivyo faili linawekwa kando na familia haipati nyumba. Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Nilikupigia, ukakataa. Kesho yake nikakupigia tena, ukanikatia simu. Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho kuandikisha. Nilimwacha mama amekaa kizingitini kwenye nyumba iliyokwisha kuandikwa kubomolewa, nikawa najiuliza nitamlaza wapi. Kufika mezani, Cosme akauliza mara ya nne mrithi mwingine yuko wapi. Hasira zikanipanda. Nikamwambia amekufa.

Ndiyo, Hamido. Nilikuua. Nilijua ninachosema, ila nilidhani ni neno la karatasini, litabaki humo humo kwenye faili. Akataka mashahidi wawili. Rajabo, jirani yetu, alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Mlikua pamoja, akaniamini, akatia saini huku machozi yanamtoka, na mtu mwingine akatia kwa kumwona yeye analia.

Umesahau watu wa kwetu? Kabla sijafika nyumbani, Rajabo alikuwa ametangulia na habari. Wanawake walishatandika mikeka uani, na mama yuko katikati yao, kanga imemwanguka, analia jina lako. Wallahi mdomo niliufungua niseme. Nikamwona Cosme naye amekuja kutoa pole, faili kwapani. Nikaufunga. Nikaketi nikalia nao. Ukasaliwa sala ya ghaibu, tukakaa matanga siku tatu, hitima ikasomwa, na arobaini yako tulichinja mbuzi. Nyumba tukaandikiwa.

Basi ndiyo maana kila ulipopiga simu nilikwambia mama amelala, mama yuko msibani, mama masikio yameziba. Alikuwa pembeni yangu. Yeye akitaka kuzungumza na wifi, nilimwambia yumo edani. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika mwisho.

Mama anasema hafi kabla hajazuru kaburi lako. Nimemtisha kwa miguu yake, kwa njia, kwa wale watu wanaochoma vijiji. Hasikii. Majirani wamemchangia nauli. Alhamisi hii anaondoka na Rajabo, wapite mpakani Namoto, wavuke Ruvuma. Amefungasha ubani na chupa ya marashi ya kunyunyizia kaburi, na anakusudia kwenda msikiti wa mtaani kwako aulize ulipozikwa.

Jana nilikaa mbele yake ili nimwambie. Nikaanza. Akanishika mkono, akasema Mungu amemchukulia mmoja lakini amembakishia aliye mwema. Nikashindwa.

Luzia, yule Mmakonde anayefuata vitenge huko, atakufikishia barua hii Jumanne. Alhamisi uwe Kilambo kivukoni tangu asubuhi. Usimtokee ghafla, kaka, nakuomba. Ana presha, na huyo anayemfuata ni maiti. Mtangulize wifi, amkalishe kivulini, ampe maji, amwambie taratibu. Asisingiziwe karani, wala kampuni, wala serikali. Hao wana yao. Hili aambiwe ni la Rachida.

Rajabo naye mtake radhi kwa niaba yangu, mpaka atakaporudi anitie machoni.

Wasalimu watoto mmoja mmoja. Wifi mwambie anisamehe kwa kumvika ujane mumewe akiwa hai. Wewe sikuombi msamaha kwenye karatasi, karatasi nimezichoka. Mama akisema harudi kwangu, usimbembeleze. Nilikuua ili nipate pa kumlaza. Akitaka kulala kwako, mlaze.

Mimi mdogo wako,
Rachida