Picha za Bugali kwa Mama Ofelia

Black Rock, Buffalo
Septemba 2016

Mama,

Simu yako ninayo mimi. Yaya Riziki, dada yangu mkubwa, alitaka kuifunga laini wiki ileile tuliyokuzika, nikamwambia aniachie kidogo, nina picha za kuhamisha. Sikuhamisha picha yoyote. Nakuambia hili mwanzoni kwa sababu mengine yote yanatoka hapo, na wewe hukupenda mtu anayezungukazunguka kabla ya kusema kilichomleta.

Kilichonileta ni hiki: karibu mwaka mzima nimejifanya wewe. Kila Jumapili baada ya ibada nilisonga bugali, nikaupiga picha kwa simu yako, nikamtumia Mama Ofelia kule Meksiko. Naye akatuma picha ya sahani yake, kama mlivyozoea nyinyi wawili. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba umekufa. Kazi hiyo ilikuwa yangu, nikashindwa, na kila Jumapili iliyopita ikaifanya kuwa ngumu zaidi.

Mambo ya huku hayajabadilika sana. Bado niko nyumba ileile yenye ngazi zinazolia. Bado nafanya kazi kule Tonawanda, nakagua vyuma vinavyopita mbele yangu na kutoa vyenye kasoro. Yaya bado yuko Columbus. Chumba chako amewapa mapacha wake. Usimkasirikie, wamekua, na yeye mwenyewe alilia alipokuwa anahamisha kitanda. Mapacha wanaongea Kiingereza kitupu sasa. Wakiambiwa jambo kwa Kiswahili wanaelewa, ila jibu linatoka kwa Kiingereza, na hakuna tena wa kuwakazia macho.

Kabla sijaendelea nataka kukukumbusha Louisville. Najua hukuisahau, ila nimeirudia sana kichwani mwaka huu. Ilikuwa wiki yako ya kwanza ya kazi katika jiko la ule mgahawa wa Kimeksiko. Mama Ofelia, mpishi wa pale, ambaye hamkuwa na neno hata moja la kuelewana, alikuonyesha kwa kidole beseni la kitu cheupe, ulibebe hadi mbele, karibu na wateja. Ulichokiona ndani ni bugali. Bugali uliopoa, lakini bugali. Na kwetu mpishi hamwekei mgeni chakula bila kumega kwanza, akala mbele yake, mgeni aone kwamba hakina neno. Basi ukamega tonge, ukalibonyeza kwa dole gumba, ukachovya kwenye maharage, ukala mbele ya wateja wote.

Lilikuwa donge bichi. Mahindi yaliyochemshwa na chokaa, yakasagwa, hayajaona moto tena. Ukatafuna hadi mwisho na kumeza, maana kutema mbele ya wageni ni aibu. Mama Ofelia alikaa juu ya gunia la mahindi akacheka mpaka akafuta machozi kwa aproni. Kisha akachukua lile lile donge, akalipigapiga likawa jembamba, akalibandika kwenye bamba la moto, akakupa. Ulimweleza kwa mikono kwa nini ulikuwa umefanya vile. Ulipofika nyumbani uliniambia, bila kucheka: "Papa, balinipa bugali mbichi, mi nikamaliza." Uliniita Papa siku zote kwa kuwa nina jina la baba yako, na sijapata mtu mwingine wa kuniita hivyo.

Halafu kuna siku ya samaki. Ndugu yake alikuwa amemletea mfuko mdogo kutoka kwao, naye akakugawia nusu. Ulimwaga mezani, ukaniita nitoke chumbani. Walikuwa ndagala. Wadogo, wakavu, wenye macho meupe, na ile harufu iliyotufuata toka Uvira hadi kambi ya wakimbizi. Wewe ambaye hukuwahi kutaja mahali popote unapotaka kwenda tangu tushuke kwenye ndege, ukasema: "Papa, kuko ndagala kwabo. Donc kuko ziwa. Kama kuko ziwa, mi nitafika."

Mama Ofelia alirudi kwao kumwuguza mama yake. Alikuandikia mahali anapokaa kwenye kipande cha katoni, ukakiweka ndani ya Biblia. Ndipo zikaanza picha za Jumapili. Wewe ukahamia Columbus kumsaidia Yaya na mapacha, mimi nikaja huku Buffalo, na picha zikaendelea. Maneno hayakuwepo. Yeye samaki, wewe bugali na sombe ya majani ya muhogo. Yeye supu ya mahindi mazima, wewe maharage. Nilikuwa nakutania kwamba wazee wawili mnapigana vita vya sufuria.

Ukapata uraia, ukapata paspoti. Ulinipigia siku hiyohiyo. "Bon, Papa, sasa tutaenda lini?" Nikakuambia mwaka ujao, ngoja baridi iishe, kiwandani kuna saa za ziada. Ulisema sawa. Miezi michache baadaye ukauliza tena, nikajibu vilevile, nakumbuka nilikuwa nakula mkate nimesimama. Hukuuliza mara ya tatu. Oktoba Yaya alikukuta umeketi kitandani, soksi moja mguuni, nyingine mkononi.

Najuta, Mama. Sina namna nzuri zaidi ya kuliandika.

Jumapili ya kwanza baada ya maziko simu yako ililia mfukoni mwangu. Ilikuwa supu, na ndimu iliyokatwa pembeni. Nilikuwa na Kihispania cha kutosha kumwambia, Wapuertoriko wa kazini wamenifundisha. Badala ya kuandika neno lile nikaweka maji jikoni. Bugali wangu wa kwanza ulikuwa na mabonge, wewe ungeurudisha motoni. Niliugeuza na bakuli, nikaulainisha kwa mwiko uliochovywa maji, nikapiga picha. Baada ya muda nikawa fundi. Unatoka mviringo, laini, hauna hata mkwaruzo. Kwa macho yangu ya kiwandani haukuwa na kasoro.

Mwezi wa nane nikachukua likizo ya wiki mbili nikaenda. Nilijiapiza kwamba nitamwambia ana kwa ana. Katoni ilikuwa kwenye begi, paspoti yako mfukoni, haina muhuri hata mmoja. Kutoka mji mkuu wao, ziwa liko upande wa magharibi. Mimi nikapanda basi la mashariki. Nilijiambia kwamba wewe ulitaka kuonja kila kitu, na hilo ni kweli, lakini ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa naogopa.

Kwa hiyo nilikula. Puebla nilikula mchuzi wanaouita mole, mweusi, una pilipili za aina nyingi, ufuta, na kakao ndani. Mwanamke aliyeupika sokoni alinihesabia kwa vidole vitu alivyotia, vidole vikaisha, akaanza upya. Aliniletea na zile chapati za mahindi. Njaa ilikuwa imenishika na sikufikiri: nilizikusanya tatu pamoja, nikazifinyanga mkononi zikawa tonge, nikabonyeza kwa dole gumba, nikachovya. Akanitazama. Akaniletea kijiko. Akaona ninavyoendelea, akakichukua tena. Ungeona fahari, au ungeona haya, sina hakika.

Oaxaca nilikula unga wa mahindi wenye nyama, uliofungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Nilinusa jani kabla ya kulifungua, kama unavyonusa chikwange ya muhogo. Nilikula panzi wa kukaanga kwa chumvi na ndimu. Watamu, ila wapishi hawawatoi miguu, inakwaruza koo; ungewafundisha. Kila mahali nilipokuta wanawake wakipika nilisimama nikatazama mikono yao, na kila mahali palikuwa na lile beseni la donge jeupe na ile harufu ya chokaa iliyokuwa kwenye nguo zako ulipotoka kazini.

Jumapili ikanikuta hukohuko Oaxaca. Sikuwa na jiko. Adhuhuri simu yako ikalia: samaki wa kukaanga. Nikakaa nayo kwenye benchi la kanisa. Nusu saa baadaye ikalia tena, na safari hii haikuwa picha. Ilikuwa alama ya kuuliza, moja tu. Kesho yake asubuhi nikapanda basi la kurudi magharibi.

Ziwa nililiona, Mama. Linaitwa Pátzcuaro. Ni dogo kuliko letu, na ng'ambo hakuna milima ya Burundi. Lakini sokoni wanawake wamekaa chini, mbele yao vilima vya ndagala, wanapima kwa makopo na kuongeza kiganja kimoja juu kwa mteja wanayempenda. Niliongezewa. Nilikula mmoja mkavu palepale, kichwa na vyote. Ni wenyewe. Nikabaki nimesimama mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa.

Nyumba niliipata kwa kuonyesha katoni. Mama Ofelia amepungua, mgongo umepinda kidogo, ila aproni ni zilezile. Alikuwa na mjukuu wake Marisol, yule aliyesoma Louisville; Kiingereza chake bado ni cha kulekule. Mama Ofelia aliniangalia usoni, akavuta kiti. Hakuuliza wewe uko wapi. Nilikuwa nimeandaa sentensi zangu za Kihispania ndani ya basi, nikazisema zote kwa pamoja kabla ya kukaa. Mama yangu amekufa, mwaka jana. Picha nilikuwa natuma mimi. Nisamehe.

Mama Ofelia aliinuka. Alienda jikoni. Alirudi na sahani ya ndagala wa kukaanga na pilipili, na chapati za moto zimefunikwa kitambaa. Akakaa mbele yangu. Akamega kipande cha chapati, akabana samaki wawili, akala, taratibu, ananitazama, mpaka akameza. Ndipo akanisogezea sahani.

Mama, hapo ndipo niliposhindwa. Hakuna mtu aliyenifanyia vile tangu nilipokula kwako mara ya mwisho Columbus.

Aliniacha nilie, kisha akaongea, na Marisol akawa anatafsiri. Alisema alijua tangu picha ya kwanza. Wewe hukuweza kungoja. Katika kila picha uliyomtumia, tonge lilikuwa limeshamegwa pembeni. Zangu zilikuwa nzima. Nikaitoa simu, nikarudi nyuma, nikapitia moja moja. Kweli. Miaka yote ile, kila sahani ina pengo, na nyingine zina hadi alama ya kidole chako. Nilizitazama mara ngapi nikijifunza namna ya kukuiga, na sikuona. Mimi, mkaguzi.

Nikauliza kwa nini basi aliendelea kutuma. Alijibu kwa kirefu, Marisol akafupisha: "Bibi anasema aliona bugali mzima kila wiki, akajiuliza kama huyu mtoto anakula. Akasema yeye akinyamaza, mtoto ataacha hata kupika."

Sasa sikiliza jambo ambalo sikumwambia Yaya. Sikuwa nakula. Nilisonga, nilipiga picha, niliungoja upoe, nikautupa, nikala mkate nimesimama. Jumapili zote zile. Mtu aliye ng'ambo ya mpaka, asiyejua lugha yangu, aliliona hilo kwenye picha, na Yaya, ambaye huniuliza kila wiki kwa simu kama nimekula, nilikuwa namdanganya bila shida.

Nilikaa kwao siku nne. Alinifundisha kuchemsha mahindi na chokaa, na kujua yameiva kwa kusugua ganda liteleze. Nami nikamsongea bugali wa unga wake. Alisema ni mzito. Alisema wako pia ulikuwa mzito, na hakuwahi kukuambia. Siku ya kuondoka nilitaka kumwachia paspoti yako, akakataa, akaifungua kwenye ukurasa wenye picha yako, akakuangalia, akaifunga, akanirudishia mkononi. Alinifungia ndagala kwenye gazeti. Walikuwa wa nusu mfuko, kama siku ile.

Basi ndiyo hivyo. Nilifika kwa ajili yako, nimechelewa, na sitajidanganya kwamba ni sawa na kwenda nawe. Ningetaka kukuona ukibishana kwa mikono na wale wanawake wa sokoni. Ningetaka kukuona ukikosoa miguu ya panzi.

Kesho ni Jumapili. Nimemwomba Yaya asiifunge laini yako, nimemweleza sababu, akasema mwakani naye anataka kulijua hilo ziwa, na mapacha waje. Nakuahidi sitamjibu "mwaka ujao" bila kuweka mwezi, kama nilivyokujibu wewe. Nakuahidi pia hili la kesho: nitasonga, nitamega kwanza, nitakula nimekaa chini, ndipo nipige picha.

Lala, Mama. Ndagala ninao.

Mimi,
Papa wako