Gentille anatoka siku ya tisa

Nadia, ndio nafika nyumbani. Siamini ni mi nilisema vile mbele ya bantu.

Leo kituo cha afya kilituita bamama kwa mukutano. Docteur akasema, "Hapa kwetu kuzaa ni bure."

Bure, Nadia. Na Gentille, muke wa kaka yangu, banamuzuia mule siku ya tisa juu hajalipa pesa ya kuzaa.

Nikasimama. "Docteur, kama ni bure, mbona Gentille hatoki?"

"Ule mama hatukumufunga. Iko anapumzika."

Anapumzika, na sentinelle, mulinzi wao, iko mulangoni.

Bamama bakacheka mpaka docteur akakosa pa kutazama. Halafu bote bakasimama, tukaenda mulangoni pamoja. Sentinelle akamuangalia docteur. Docteur akaangalia simu yake, sentinelle akafungua.

Gentille akatoka na mutoto mikononi, akamupita docteur bila kumusalimia.