Nyumba ya Deo kule Lusaka

Jumamosi, 9 Juni 1973

Eti bustani! Mwanangu Deo amepata kazi Lusaka, mwezi ujao anahamisha mke na watoto watatu, na mpaka leo hajaamua wakae wapi. Kuna nyumba yenye bustani, mbali na shule. Kuna vyumba viwili ghorofani, jirani na shule. Yeye anataka bustani.

"Watoto watatembea tu, Mama. Ni kama kutoka hapa hadi sokoni Nshamba."

"Umewahi kutembea nao?"

Akacheka. Mimi shule sikwenda, kisomo nimeanza uzeeni, hesabu zangu ni za miguu. Nikamwambia amshike mkono Koku, mdogo wao wa miaka sita, waende sokoni na kurudi, na ole wake akiomba baiskeli ya mtu.

Nimemenya ndizi, nimepika, zimeiva, zimepoa. Ndipo wakatokea migombani, Deo jasho tupu, Koku mgongoni, viatu vya mtoto vinaning'inia shingoni kwa baba. Nilicheka mpaka mkwe wangu akanishika nisianguke.

"Ghorofani," Deo akasema, hata hajakaa.

Sawa, nimeshinda. Lakini ghorofani hawawezi kupanda mgomba, na mche wa kuwapa nilikwisha kuuchimbua. Watakula nini hao? Hilo linanikera.

Koku akanisogelea na sahani yake. "Bibi, mimi nichagulie kukaa hapa kwako."

Nikamwambia anyamaze, ale. Halafu nikamwongezea ndizi, nikampa na zangu.